Dawa za Kichina kwa Pumu ya Ngozi: Ganda la Mdudu, Krimu Isiyo na Maandishi, na Udhu

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi na mwanangu wa miaka 4 tuna pumu ya ngozi. Mikunjo ya viwiko na magoti inatuwasha usiku kucha. Tumepewa dawa za Kichina: pakiti za mizizi na majani ya kuchemsha, na kikopo cha krimu kisicho na maandishi yoyote. Krimu ilitutuliza ndani ya siku mbili, na sasa ni wiki ya tano tunapaka. Lakini kwenye pakiti nimeona kitu kama ganda la mdudu, na jirani anasema krimu hizo zina mafuta ya nguruwe. Je, tuendelee? Na sala nilizosali nikiwa nimejipaka?

JIBU: Wa alaykumu s-salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Dada yangu, kuwashwa si jambo dogo katika sharia. Abdurrahman bin Awf na Zubayr walipewa ruhusa na Mtume (s.a.w.) kuvaa hariri, ambayo ni haramu kwa wanaume, kwa ajili ya muwasho uliokuwa umewashika (Bukhari na Muslim). Dawa haiharamiki kwa kuwa ya Kichina, wala kwa kuwa mganga si Mwislamu. Hata katika Hijra, aliyemwonyesha Mtume (s.a.w.) njia jangwani alikuwa mtu asiyekuwa Mwislamu. Tunachouliza ni kimoja: ndani mna nini?

Ganda hilo, kama ni jepesi, la rangi ya kahawia na tupu ndani, huenda ni chantui: gamba analojivua mdudu yule aliaye mitini wakati wa joto. Limo katika Xiaofeng San, mchanganyiko mashuhuri wa kutibu muwasho. Katika madhehebu yetu ya Shafi, wadudu hawaliwi isipokuwa nzige. Mwambie mganga alitoe, na umuulize pia kuhusu wushaoshe (nyoka mkavu, hukatwa vipande) na quanxie (nge). Imam Nawawi katika al-Majmu' ameruhusu kujitibu kwa najisi isiyokuwa kileo pale tu dawa safi inapokosekana, na pumu ya ngozi ina dawa nyingi safi. Ukipewa mizizi iliyolowekwa kwenye pombe ili unywe, kataa, Mtume (s.a.w.) alipoulizwa kuhusu pombe ya kutengenezea dawa alisema hiyo si dawa bali ni ugonjwa (Muslim).

Ama mafuta ya nguruwe, ni kweli baadhi ya marhamu za kale za China zilipikwa nayo, na nyingine kwa mafuta ya ufuta. Lakini neno la jirani si yakini. Asili ya vitu ni tohara, kwa hiyo krimu yako haihukumiwi kuwa najisi kwa uvumi. Ukija kuthibitisha, utaosha ngozi na nguo mara 7, moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Kwa upande wa udhu, pitisha ukucha juu ya ngozi: kikibanduka kitu kama nta, kiondoe kwanza kwa sabuni, kwani kinazuia maji. Ukibaki mng'ao wa mafuta tu na maji yanapita, udhu ni sahihi. Sala ulizosali hivyo hazirudiwi.

Hapa ndipo wengi wanapochanganya. Katika tohara, shaka haina nguvu. Katika madhara, shaka yenye dalili inatosha kukusimamisha, kwa hadithi ya "hakuna kudhuru wala kudhuriana". Na krimu yako ina dalili. Mitishamba haitulizi pumu ya ngozi kwa siku mbili. Steroidi kali, yaani dawa ya hospitali inayozima uvimbe na muwasho haraka, ndiyo hufanya hivyo. Madaktari wa London walipima krimu 11 za mitishamba ya Kichina, wakachapisha matokeo mwaka 1999: krimu 8 zilikuwa na deksamethasoni, ambayo ni steroidi, na wagonjwa hawakuambiwa. Dawa hiyo ikipakwa muda mrefu ngozi hukonda, michirizi hutokea, na ukiacha ugonjwa hurudi kwa nguvu zaidi. Kwa mtoto hupenya haraka, na inaweza kudumaza ukuaji. Anayeuza hivyo ameghushi, na mganga asiyejulikana kwa utabibu huwajibika kulipia anachoharibu (Abu Dawud).

Dawa ya kuchemsha nayo ina mtego wake, nao uko kwenye majina. Jina mutong limetumika kwa mimea tofauti, na mmoja wao, wa jamii ya Aristolochia, huua figo na kuleta saratani ya njia ya mkojo. Uingereza mwaka 1999 waliripotiwa wagonjwa wawili ambao figo zao zilikufa kwa dawa ya pumu ya ngozi yenye mmea huo. Baixianpi, gome la mzizi linalopendwa sana kwa muwasho, limehusishwa na kuumia kwa ini. Basi usinywe pakiti ambayo mganga hakuiandikia kila mmea jina lake la Kichina na la Kilatini. Akikuandikia, pima ini na figo kabla ya kuanza, na urudie baada ya wiki chache. Chemsha kwenye chungu cha udongo, si sufuria ya chuma wala alumini. Macho yakiwa ya njano, mkojo ukawa kama chai ya rangi, acha siku hiyo hiyo. Mwanao usimnyweshe kabisa. Ukiwa umefunga, kupaka hakufunguzi, kunywa kunafunguza.

Na kikopo hicho usikitupe, wala usiache kupaka ghafla baada ya wiki tano. Kipeleke pamoja na mtoto kwa daktari wa ngozi wiki hii, umwambie mmepaka wapi, mara ngapi kwa siku na kwa muda gani, ili yeye ndiye awapangie namna ya kupunguza.

Wallahu a'lam.