Praus maana yake mpole
Kuna post inasema praus, lile neno la Kigiriki kwenye Mathayo 5:5 ("heri wenye upole"), maana yake ni "farasi wa vita aliyefunzwa". Hapana, ni mpole tu, mtu asiyewaka ovyo. Xenophon, mwandishi wa Kigiriki wa kale, kweli kalitumia kwa farasi waliotulia ila Wagiriki walilitumia kwa watu pia, na mwanafalsafa Aristotle anauweka huo upole katikati ya mwenye hasira za karibu na yule asiyekasirika hata pale inapobidi, so unyonge haumo kabisa. Ila kwa Mathayo 5:5 angalieni, pale panarudia Zaburi 37:11 na kwenye Kiebrania ni anawim, yaani wanyenyekevu, watu walioonewa, kwa hiyo hapo ladha ya unyonge ipo kidogo. Hiyo ya farasi wahubiri wanaipenda sana jamani 😅