Shifti ya masaa 12: jipange kwa ajili ya masaa matatu ya mwisho

Wadogo zangu mnaoanza unesi, na nyie wenzangu mliokaa wodini mda mrefu mpaka mkaona uchovu ni sehemu ya yunifomu, leo naomba tuongee kuhusu hizi shifti ndefu.

Masaa 12 ya wodini hayafanani. Manne ya kwanza una nguvu, unaitwa unafika, unamkumbuka kila mgonjwa na ugonjwa wake. Ya katikati kazi inakusukuma yenyewe, dawa, dripu, vidonda, ndugu wa mgonjwa wanauliza. Kasheshe iko mwishoni, miguu inawaka moto, unasoma lebo mara mbili na bado haijaingia kichwani, na hapo hapo ndo kuna dawa za asubuhi, damu za maabara, kupima presha na sukari, kuogesha wagonjwa, halafu ripoti. Yaani kazi inaongezeka mda ambao we mwenyewe umebaki kidogo. Ndo maana mi kila kitu nakipanga nikiwaza yale masaa matatu ya mwisho, kuanzia kulala, kula, kahawa mpaka dawa. Mgonjwa wa kitanda cha mwisho anayechomwa sindano alfajiri ana haki ya kupata nesi mzima kama aliyepata mwenzake saa mbili usiku.

Naiti ya kwanza, yaani shifti ya usiku ya kwanza, ndo mbaya kuliko zote, na watu wengi hawajui kwa nini. Umeamka saa 12 asubuhi kama kawaida, ukafua, ukapika, ukahangaika na watoto, saa 1 usiku unaingia kazini. Hapo tayari una masaa 13 hujafumba jicho. Kuna watafiti wa Australia, Dawson na Reid, walionyesha mwaka 1997 kwamba mtu akikaa macho masaa 17 utendaji wake unashuka sawa na mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu, na akifika masaa 24 ni kama asilimia 0.10. Sasa piga hesabu: masaa yako 17 yanatimia saa 5 usiku, shifti ndo kwanza imechanganya, na saa 12 asubuhi unapochanganya dawa umefikisha 24. Hakuna mtu angekubali kuchomwa sindano na nesi aliyelewa, jamani. Kwa hiyo siku ya naiti ya kwanza lala mchana, hata lisaa limoja na nusu, na waambie wa nyumbani mapema kwamba mchana huo wewe hupo. Wakija wageni watapokelewa na mwingine.

Kingine, kazi ya kichwa ifanye mapema. Ukishapokea wodi, kabla hujaanza kukimbizana, kaa na chati zako upige hesabu zote za usiku mzima. Mfano mgonjwa ana lita moja ya dripu iende kwa masaa 8 na seti yako, yaani mpira wa dripu, inatoa matone 20 kwa mililita, hiyo ni matone 42 kwa dakika. Andika kwenye plasta, bandika kwenye chupa, pamoja na saa iliyoanza na saa inayotakiwa kuisha. Saa 10 alfajiri hutakiwi kuwa unagawanya namba, unatakiwa uangalie plasta na kuhesabu matone, basi. Na karatasi ya mfukoni iwepo, kitanda namba fulani, dawa gani saa ngapi, damu ya nani, nani asile asubuhi kwa sababu anaenda theata kufanyiwa upasuaji. Usiamini kumbukumbu ya alfajiri hata kama una akili nyingi vipi.

Halafu kuna dawa ambazo mi sitoi peke yangu usiku, nazo ni insulini, heparini ya kuzuia damu kuganda, potasiamu ya mshipani, mofini ya maumivu na jamii yake. Hapa nataka mnisikilize vizuri. Insulini nyingi tunazotumia ni yuniti 100 kwa mililita moja, maana yake yuniti 10 ni 0.1 ml tu, kitone hivi ambacho ukikiangalia unaona kama haitoshi. Mtu amechoka, bomba la insulini limeisha kwenye trei, anachukua bomba la kawaida la dawa, anavuta mililita moja, na hapo ameshavuta yuniti 100, mara kumi ya alichoandikiwa mgonjwa. Mgonjwa amelala, sukari inashuka taratibu, kila mtu anadhani anapumzika. Ndo maana mi namwita mwenzangu hata kama yuko mwisho wa wodi, nampa chati ashike yeye, mi nasoma kichupa kwa sauti, jina la dawa, nguvu yake, nimevuta yuniti ngapi, yeye anaangalia bomba kwa macho yake na sio kuitikia tu ndio ndio, halafu tunaenda wote kitandani tunamuuliza mgonjwa jina lake. Inachukua dakika mbili. Mwenzako akikuona unasumbua mwache aone hivyo, kesho na yeye atakuita.

Kuhusu mwili nitasema kwa kifupi maana mengi mnayajua. Nenda chooni, kubana mkojo masaa sita kwa sababu wodi imejaa ni kujitafutia UTI na hakuna atakayekupa tuzo. Soksi za kubana vaa kabla ya kuanza shifti, miguu ikishavimba zinakuwa mateso kuzivaa. Mgongo sasa, jamani mgongo! Usimnyanyue mgonjwa peke yako, pandisha kitanda kama kinapanda, tumia shuka la kumsogezea mgonjwa, ita mtu, hesabuni pamoja. Manesi wengi ninaowafahamu walioacha wodi kabla ya mda wao waliondolewa na mgongo. Chakula kizito kula kabla hujaingia, katikati ya usiku kula kidogo kidogo, tumbo nalo usiku linajua ni mda wa kulala.

Kahawa sikatazi, ila ina saa zake. Nusu ya kafeini bado iko mwilini baada ya kama masaa matano, kwa hiyo kikombe cha saa 10 alfajiri kinakusubiri nyumbani saa 3 asubuhi ukiwa kitandani macho yako darini. Mi mwisho wangu ni saa 7 usiku. Baada ya hapo kinachosaidia ni kufumba macho dakika 20, mnapeana zamu na mwenzako, mnaambizana kabisa nani anaangalia wagonjwa gani, unaweka alamu. Dakika 20 tu, ukienda lisaa unaamka mzito kuliko ulivyolala. Na usiamkie kwenye sindano, nawa uso, tembea, zungukia wagonjwa kwanza. Kuna mainchaji, wale wakuu wa wodi, wanaona mtu aliyefumba macho ni mvivu. Mwili wa binadamu kati ya saa 9 na saa 11 alfajiri uko chini kabisa, hata uwe na moyo wa kazi kiasi gani, na mapumziko yaliyopangwa ni salama kuliko mtu kusinzia amesimama na trei mkononi.

Kuna jambo moja watu hawalisemi. Mgonjwa anafariki saa 8 usiku, mmehangaika naye, mmembonyeza kifua mpaka mikono imekufa ganzi, daktari anasema tuishie hapa, na kitanda cha pembeni kuna mtu anasubiri dawa ya maumivu. Unamfumba macho marehemu, unamwosha, unamnyoosha, unakaa na ndugu zake uwaambie, halafu unatakiwa uende kwa yule mwingine kama hakuna kilichotokea. Naomba usiende hivyo. Mwambie mwenzako "nishikie dakika tano", toka nje ya wodi, vuta pumzi, lia kama kilio kipo, sali kama unasali, nawa, ndo urudi. Nimeona manesi wazuri sana wanaanza kuwafokea wagonjwa na watu wanasema ana roho mbaya, kumbe ana misiba mingi ambayo hakupewa hata hizo dakika tano.

Ripoti fanyieni kitandani, msifanyie kaunta. Anza na hali ya mgonjwa sasa hivi, kilichomleta, ulichokiona usiku, na kinachotakiwa kufanyika leo. Mkiwa pale mwenzako anaona kwa macho pale penye kanula, kile kimrija cha mshipani, pamevimba au hapajavimba, mfuko wa mkojo una kiasi gani, dripu imebaki wapi. Ukishachoka kuna vitu unasahau kusema, ila ukiwa umesimama mbele ya mgonjwa unavikumbuka, na mara nyingine mgonjwa mwenyewe anakukumbusha.

Ukitoka hapo bado hujamaliza kazi, maana kufika nyumbani salama ni sehemu ya shifti. Kama unaendesha na macho yanafunga, lala kwanza hospitali hata nusu saa, kufungua dirisha na kuweka mziki haviondoi usingizi. Ukienda moja kwa moja vaa miwani ya jua, maana mwanga wa asubuhi unaiambia akili kwamba kumekucha. Chumba kiwe giza, simu iwe kimya, watoto wajue mama au baba amelala kweli na sio amejifungia. Ukilala masaa matatu kila siku, naiti ya tatu na ya nne unaingia na deni ambalo kahawa hailipi.

Mwisho, rosta, yaani ratiba ya zamu. Haya yote niliyosema hayatoshi kama unatoka naiti asubuhi na unapigiwa simu mchana urudi jioni kuziba pengo. Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilitoa pendekezo namba 157 kuhusu manesi tangu mwaka 1977, linasema siku ya kazi pamoja na ovataimu isizidi masaa 12, na kati ya shifti na shifti nesi apate angalau masaa 12 mfululizo ya kupumzika. Ni pendekezo, haliwi sheria kwenye kila nchi, ila ni kitu cha kushika mkononi unapoongea na inchaji wako. Ongea kwa heshima, bila kupayuka, mwambie hivi: "Nimetoka leo asubuhi, masaa yangu ya kupumzika hayajatimia, nikija nitakuwa hatari kwa wagonjwa, naomba unipangie kesho." Na kama umelazimika kubaki, andika kwenye kitabu cha ripoti mlikuwa manesi wangapi, wagonjwa wangapi, uliingia saa ngapi na umeombwa kubaki na nani, weka na sahihi yako.