Mzee wa Masjala Anajibu: Wakili wa Tala au wa Nairobi?

Karani mstaafu wa masjala ya mahakama anajibu maswali ya wasomaji kuhusu wosia, urithi na mambo ya nyumbani yanayoishia kortini.

SWALI: Habari Mzee? Mimi ni mjane, nauza mitumba hapa Kayole na nina watoto watatu. Mume wangu alifariki mwaka jana bila wosia. Shamba la kwao liko upande wa Kangundo na hatimiliki bado ina jina la baba mkwe, ambaye alitangulia kufa. Shemeji yangu mkubwa ana wakili pale Tala, anasema ni wakili wa familia tangu zamani, bei yake ni nafuu na anajuana na kila mtu. Ameniletea karatasi nitie sahihi ili kesi ianze. Mwenzangu wa kanisani ananisihi nichukue wakili wa hapa mjini, lakini nilipotajiwa ada niliaga nikaondoka. Nimfuate yupi? *Mama Watatu, Kayole.*

JIBU: Mama, pole kwa msiba. Kabla hatujafika kwa wakili, hiyo karatasi usiitie sahihi kwanza.

Nikikisia, ni Fomu 38, ile ya kukubali mtu mwingine aombe kusimamia mali ya marehemu, na hapa marehemu ni baba mkwe. Fomu yenyewe haina ubaya. Korti huitaka kwa sababu kila mwenye haki sawa na mwombaji lazima ajulishwe. Ubaya ni kuisaini kabla hujaonyeshwa mwenzake, yaani Fomu P&A 5, hati ya kiapo inayoorodhesha walioachwa na marehemu pamoja na mali yake yote. Hiyo ndiyo ya kusoma. Jina la marehemu mumeo limo? Wewe umo? Watoto? Kule dirishani nimepokea faili nyingi zenye orodha ya wanaume watupu, mabinti walioolewa hawamo, wajane hawamo, na chini kuna muhuri wa wakili umegongwa vizuri kabisa. Baba mkwe ndiye mwenye hatimiliki, kwa hiyo faili ya kwanza ni yake, na fungu la mumeo litatoka humo. Jina la mumeo likiachwa sasa, itabidi uje kuomba korti ifute hati ya usimamizi kwa sababu kuna jambo lilifichwa. Sheria inakuruhusu, lakini huo ni mwendo mrefu na wa gharama kwa mtu anayefungua kibanda saa kumi na mbili asubuhi.

Sasa wakili.

Wenzangu wengi wa mjini huwadharau mawakili wa miji midogo, na mimi sikubaliani nao. Ofisi iko ghorofa ya kwanza juu ya duka la dawa za mifugo, benchi moja la wateja, karani mmoja anayepiga chapa na kujibu simu. Lakini huyo wakili anajua barua ya chifu ya kuwatambulisha warithi inavyotakiwa kuandikwa. Anajua faili za ardhi za Machakos, anajua mpimaji yupi hufika shambani siku aliyoahidi, na anajua bodi ya udhibiti wa ardhi inakaa lini, kwa maana mkigawanya shamba kila mtu apate hatimiliki yake mtapitia huko. Pia anajua kitu ambacho wakili wa mjini hukigundua baada ya faili kurudishwa: kwamba jina kwenye hatimiliki ya zamani lina herufi moja tofauti na la kitambulisho, na kwamba tofauti hiyo inahitaji kiapo chake. Wakili wa Nairobi atafanya yote hayo pia, ila atamtuma mtu, na nauli ya huyo mtu utaikuta kwenye bili. Kufungua kesi kwa mtandao kumepunguza safari za kortini. Safari za kwa chifu na za shambani ziko palepale.

Kwa hiyo tatizo si Tala. Tatizo ni yale maneno ya shemeji yako, "wakili wa familia".

Familia ipi? Pale sokoni wakili mmoja anaweza kuwa ndiye aliyeandika mkataba shemeji alipouza kipande cha ardhi, akamtetea binamu kwenye kesi ya mpaka, na mwaka huu yuko kwenye kamati ya harambee pamoja na hao hao. Si lazima awe mtu mbaya. Ila siku utakaposema "mume wangu alikuwa amejenga upande wa mtoni na fungu letu liwe huko," atakuwa anamsikiliza nani? Anayelipa ada ni shemeji, basi mteja ni shemeji. Wewe kwenye ile ofisi ni shahidi tu, hata wakikukaribisha chai.

Kwa hiyo ushauri wangu: wakili wa shemeji aendelee kuwa wa shemeji. Wewe tafuta wako, na mtafute Machakos mjini au Kangundo kwenyewe, mtu asiye na uhusiano na ukoo huo. Swali la kwanza kumuuliza, hata kabla ya ada, ni hili: "Umewahi kumwakilisha mtu yeyote wa nyumba hii?" Mtajie majina yote, pamoja na majirani wanaopakana na shamba. Wakili mzuri atakujibu hapo hapo au atasema aangalie faili zake. Akicheka na kukuambia "hapa sote ni ndugu", shukuru ushuke ngazi.

Ukiwa bado mle ndani, angalia ukutani. Cheti cha kuhudumu kama wakili huwekwa kwenye fremu na hutolewa kila mwaka. Soma mwaka wake. Nimeona fremu za kupendeza zenye cheti cha miaka mitatu iliyopita. Halafu ukitoka, ingiza jina lake kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili, LSK, uone kama ana ruhusa ya kuhudumu mwaka huu. Ni bure na simu yako inatosha. Wale wanaojiita "wakili" nje ya lango la korti wakiwa na bahasha ya kaki mkononi, huko usiwatafute, hawamo.

Muulize pia amemaliza kesi ngapi za urithi. Nasema kumaliza, kwa sababu kufungua ni rahisi. Baada ya kufungua kuna tangazo kwenye Gazeti Rasmi la Serikali na siku 30 za pingamizi, kisha hati ya usimamizi inatoka, kisha kwa kawaida mnangoja miezi sita ndipo mwombe ithibitishwe, na ni hapo kwenye uthibitisho ndipo mgawo wenyewe unapoamuliwa. Faili nyingi hufia katikati. Watu wakishapata hati ya kwanza hudhani wamefika, wakili naye hana haraka, na miaka inapita.

Kuhusu ada, usiogope kutajiwa. Mwambie aiandike: hii ni yangu, hii ni ya korti, hii ni ya mpimaji, na utalipa kwa awamu zipi. Makubaliano ya ada huwa na nguvu yakiwa kwa maandishi na umeyatia sahihi. Kila unachotuma kwa M-Pesa, dai risiti ya ofisi. Akikwambia huna haja ya kulipa chochote, atachukua robo ekari kesi ikiisha, kataa. Sheria ya Mawakili haimruhusu kununua sehemu ya haki ya mteja kwenye kesi anayomwendeshea. Kama pesa haipo kabisa, FIDA Kenya husaidia wanawake, na Kituo cha Sheria husaidia wasiojiweza. Nenda na cheti cha kifo, vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Mwisho, nimeona mwishoni mwa barua umedokeza kwamba kuna mtu amekuja kulipima shamba kwa miguu, kama anayetaka kununua. Kuuza mali ya marehemu kabla korti haijatoa idhini ni kosa la jinai: faini ya hadi shilingi 10,000, au kifungo cha hadi mwaka mmoja, au vyote. Wakili wako akishakubali kazi, jambo la kwanza afanye upekuzi wa hatimiliki na aombe zuio liwekwe kwenye ardhi hiyo, lile watu huita kaushoni. Hilo lisingoje faili.

SWALI: Mzee, mimi ni makanga, naishi Umoja. Nina ploti Joska, akiba kwenye Sacco na pikipiki. Mke wangu anasema tuandike wosia wenyewe kwenye daftari, mashahidi wawe yeye na kaka yake. Kuna haja ya wakili kweli? *Donda, Umoja.*

JIBU: Kisheria, wosia si lazima uandikwe na wakili. Hata daftari linafaa, mradi wewe usaini na mashahidi wawili wakuone ukisaini, nao wasaini. Lakini mkeo asiwe shahidi. Ulichomwachia kitabatilika, isipokuwa wawepo mashahidi wengine wawili wasio na faida yoyote humo. Tafuta mwenye nyumba na jirani. Akiba ya Sacco huenda kwa yule uliyemwandika kwenye fomu yao ya mrithi, kwa hiyo kama ulijaza ukiwa bado hujaoa, kesho pitia ofisini kwao uibadilishe. Pikipiki ni rahisi. Ploti ndiyo inaniambia uone wakili: kama unachoshikilia ni karatasi ya kampuni ya kuuza ardhi wala si hatimiliki, lipia saa moja ya ushauri, na usiongelee wosia kwanza, ongelea hiyo karatasi.

SWALI: Sisi ni Waislamu wa Pumwani. Marehemu baba ametuachia nyumba, na ndugu yetu anataka wakili afungue kesi kortini Milimani, Nairobi. Si ni ya Kadhi? *Bint Pumwani.*

JIBU: Kifungu cha 170 cha Katiba kinampa Kadhi mamlaka ya kusikiliza kesi za urithi pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wote wamekubali kwenda kwake. Ndugu yako akikataa, Mahakama Kuu itasikiliza, na bado mirathi itafuata sheria ya Kiislamu, kwa hiyo asitegemee kupata mafungu tofauti huko. Wakili anaruhusiwa kwa Kadhi pia, ila mchukue aliyezoea kusimama pale. Cheti cha kifo cha mzee mtakihitaji popote mtakapokwenda. Kifuateni wiki hii, ubishi wa korti uendelee.