Maswali ya Wasomaji: Sarafu za mtandaoni, tuzitumie au tukae nazo?

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: mtu ana bitcoin au USDT kidogo kwenye simu, na hajui azitumie au azikalie. Tumechagua sita. Msimamo wetu tunautaja mapema: pesa ya kula na pesa ya kuweka zisikae pochi moja, na pesa ya kula kwa anayeishi Unguja au Pemba ni shilingi.

Assalaam alaykum. Nachora kwa kompyuta kwa mteja wa Ujerumani, na kila mwisho wa mwezi hunilipa USDT 300. Wenzangu wananiambia nisizibadilishe zote, niwe natoa kidogo kidogo nikihitaji. Wana haki? (Kijana wa Paje)

Waalaykum salaam, kaka. Kwa USDT, hawana haki. Sarafu hii imefungwa kwenye dola moja. Ukikaa nayo miaka mitatu itabaki dola moja. Faida pekee ya kuikalia ni shilingi ikishuka, na shilingi haishuki siku zote. Mwishoni mwa 2024 ilipanda kwa kasi dhidi ya dola, na waliokuwa wamekalia dola, za karatasi na za simu, wakaambulia shilingi chache kuliko walizozikataa miezi michache nyuma. Tena hizi sarafu zilizofungwa na dola huweza kuteleza. Nyingine ya aina hiyo, UST (si USDT), ilianguka kabisa Mei 2022. USDC, ambayo ni ya kampuni yenye sifa nzuri, ilishuka chini ya senti 90 Machi 2023 benki iliyoshika sehemu ya akiba yake ilipofilisika, ikakaa siku kadhaa kabla ya kurudi.

Kutoa kidogo kidogo nako kuna gharama ambayo watu hawaipigii hesabu. Chukua mfano, kwa bei za kubuni. Duka la kubadilishia fedha linanunua dola kwa shilingi 2,500. Wewe unahamisha USDT 300 kutoka pochi yako kwenda soko la mtu kwa mtu na unakatwa USDT 1. Mnunuzi anatoa 2,480. Unapata 741,520. Wakala anapokutolea, makato tuseme ni 8,000. Mkononi una 733,520. Gawa kwa 300 ulizoanza nazo: kila USDT imekuletea shilingi 2,445. Umepoteza kama asilimia 2.2 njiani. Ukizitoa kwa mafungu manane, ada ya kuhamisha unailipa mara nane, makato ya wakala mara nane, na wanunuzi wa kiasi kidogo kwa kawaida hutoa bei mbaya zaidi. Hesabu hiyo ya mwisho, shilingi zilizofika mkononi kugawa kwa USDT zilizoondoka, ndiyo pekee ya kulinganishia. Bei iliyoandikwa kwenye tangazo la mnunuzi haikwambii kitu.

Kwa hiyo piga bajeti ya mwezi: kodi ya nyumba, chakula, nauli, bando, ya nyumbani kwa wazee. Ikiwa ni 550,000, badilisha zinazotosha hizo na ziada ya dharura siku ileile unayolipwa, kwa mkupuo mmoja. Iliyobaki ndiyo ya kufikiria kuiweka.

Wakati wa kubadilisha, mambo huharibika mahali palepale kila mara. Kwanza ni mtandao wa kutumia, yaani njia ambayo sarafu inapitia, kama Tron au Ethereum. Anwani ya USDT ya Tron huanza na herufi T. Ya Ethereum huanza na 0x. Anwani za 0x zinatumika na mitandao mingi inayofanana, na hapo ndipo pesa hutumwa ikafika mahali ambapo soko halipokei. Uliza mtandao, kisha tuma USDT 5 za majaribio. Pili, pochi ya Tron inahitaji TRX kidogo, sarafu ya mtandao huo wenyewe, ndani yake kwa ajili ya ada. Mwenye USDT 300 bila TRX hana njia ya kuzitoa, na wengi hudhani wameibiwa.

Tatu ni mnunuzi mwenyewe. Soko linazuia USDT zako mpaka wewe uthibitishe kwamba umelipwa, na tapeli kazi yake ni kukufanya uthibitishe mapema. Atakutumia meseji iliyoandikwa kama ya kampuni ya simu, au picha ya muamala. Usiziangalie kabisa. Fungua menyu ya mtandao wako, tazama salio, ndipo ubonyeze. Na jina la aliyetuma lazima lifanane na jina lililo kwenye akaunti yake ya soko. Likiwa jingine, rudisha pesa na vunja biashara, hata akisema ni laini ya mkewe. Pesa ya kuibiwa hupitishwa hivyo hivyo: aliyeibiwa akilalamika, laini inayofungwa ni yako.

Na ujue unaposimama kisheria. Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza Novemba 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini, na kwamba kuzifanyia biashara ni kinyume na kanuni za fedha za kigeni. Baadaye Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Kodi ya mapato ni jambo la Muungano, kwa hiyo kuishi Paje hakukuondolei. Weka daftari: tarehe, USDT ngapi, bei, shilingi zilizoingia. Na kama mteja wako anaweza kukulipa kwa benki bila makato kuzidi hiyo asilimia 2.2, mwombe afanye hivyo.

Nina boti Nungwi, napeleka wageni Mnemba. Wengine wanataka kunilipa kwa bitcoin. Nikubali? (Nahodha)

Hapana, kaka. Kanuni za 2025 za matumizi ya fedha za kigeni zinataka bei na malipo ya ndani ya nchi yawe kwa shilingi, na bitcoin haina hata daraja ya fedha ya kigeni. Hata ukiiweka sheria pembeni, kazi yako haiendani nayo. Muamala wa kawaida wa bitcoin huthibitishwa kwa wastani wa dakika 10, na ukikosa bahati hufika saa nzima. Mgeni ameshapanda gari. Muamala ambao haujathibitishwa anaweza kuufuta kwa kutuma mwengine wenye ada kubwa zaidi, unaorudisha pesa kwake. Chukua kadi au taslimu.

Nimeuza karafuu, nimebakiwa na milioni 3. Mwanangu ananishauri ninunue bitcoin, kisha niwe nachota kidogo kidogo kwa ada yake ya SUZA na mabati ya nyumba. (Mzee wa Wete)

Shikamoo mzee wetu. Tunamheshimu mwanao kwa kufikiri mbele, lakini pesa hiyo ina tarehe, na pesa yenye tarehe haiwekwi kwenye bitcoin. Novemba 2021 bitcoin moja ilifika karibu dola 69,000. Novemba 2022 ilikuwa chini ya 16,000. Aliyeingiza milioni 3 kileleni, mwaka mmoja baadaye alikuwa na thamani ya kama laki 7. Bei ilikuja kukipita kile kilele Machi 2024, yaani miezi 28 tangu kilele chenyewe. Aliyeweza kusubiri miezi hiyo alirudishiwa chake. Aliyetakiwa kulipa ada ya chuo katikati aliuza kwa hasara, na hasara hiyo haikurudi bei ilipopanda, kwa sababu hakuwa nayo tena.

Wewe unaijua mikarafuu kuliko sisi: mwaka huu inazaa sana, mwaka wa pili inapumzika. Pesa ya msimu mzuri ndiyo inayobeba msimu mbaya. Ada iwekwe benki, ambako Bodi ya Bima ya Amana ina kiwango inachokilinda. Sarafu za mtandaoni haizilindi. Mabati nunua sasa kama unaweza kuyahifadhi pakavu. Kikibaki kitu ambacho hutakihitaji kwa miaka minne, na ambacho kikipotea chote hutakosa usingizi, hapo muachie mwanao ajaribu, kwa kiasi hicho tu.

Kwa miaka miwili nimekuwa nikijinunulia bitcoin ya shilingi elfu 20 au 30 kila nikipata, na kila mara naihamishia pochi yangu. Juzi nilitaka kutoa, nikaambiwa ada ni karibu nusu ya pesa. Nimeibiwa? (Dada wa Jang'ombe)

Hujaibiwa, dada, na swali lako ndilo zuri kuliko yote, kwa sababu hili halielezwi mpaka limkute mtu. Pochi ya bitcoin haina salio moja kama la simu. Kila ulipopokea, kiliingia kipande cha peke yake, na vipande hivyo hukaa mbalimbali, kama sarafu za mia mia kwenye kopo. Ukitoa, muamala unalazimika kukitaja kila kipande, na ada hutozwa kwa ukubwa wa muamala, si kwa kiasi cha pesa. Anayetuma bitcoin 10 kwa kipande kimoja hulipa kidogo kuliko wewe.

Hesabu yenyewe: kwa anwani za kisasa zinazoanza na bc1q, kila kipande huongeza takriban baiti 68 za kutozwa. Tuseme una vipande 30: pamoja na sehemu nyingine za muamala ni kama baiti 2,080. Mtandao ukiwa umetulia na ada ni satoshi 2 kwa baiti, utalipa satoshi 4,160. Ukiwa na msongamano na ada ni 60, utalipa 124,800. (Bitcoin moja ina satoshi milioni 100.) Sasa kitazame kipande kimoja cha satoshi 10,000: kukitumia wakati ada ni 60 kunagharimu satoshi 4,080. Hiyo ndiyo karibu nusu uliyoambiwa. Tarehe 20 Aprili 2024, siku malipo ya wachimbaji wa bitcoin, yaani wanaothibitisha miamala kwa kompyuta zao, yalipopunguzwa nusu, wastani wa ada kwa muamala ulipita dola 100. Siku hiyo mwenye vipande vidogo hakuwa na kitu.

Usitoe sasa. Fungua tovuti inayoonyesha ada za mtandao na subiri zishuke hadi satoshi 1 hadi 3 kwa baiti. Mara nyingi hutulia Jumamosi na Jumapili. Kisha jitumie mwenyewe: chagua kutuma salio lote, bandika anwani mpya ya pochi yako, na ada uiandike kwa mkono, usikubali ile iliyopendekezwa. Ukiona chaguo la kuruhusu kuongeza ada baadaye, liwashe, ili muamala ukikwama uweze kuusukuma. Vipande 30 vitakuwa kimoja. Hasara yake ni kwamba anayefuatilia mtandao ataona kuwa vyote vilikuwa vya mtu mmoja. Kwa akiba ya kiasi chako, tunaona inafaa.

Kuanzia hapo badilisha utaratibu. Acha manunuzi yajikusanye sokoni mpaka yafike kiasi cha maana, tuseme shilingi 300,000, ndipo uyahamishe kwa mara moja. Usiyaache huko miaka: wateja wa soko la FTX waliokuwa wamelala na akiba zao humo Novemba 2022 waliamka hawawezi kuzitoa. Na kama unataka bitcoin ya kutumia kwa vitu vidogo, weka kiasi hicho kwenye pochi ya Lightning, mtandao wa malipo madogo ya bitcoin, ambako malipo hupita kwa sekunde na ada yake ni ndogo sana. Akiba isikae huko.

Bitcoin ninayoikalia ina zaka? (Mama wa Malindi)

Hukumu yenyewe muulize sheikh wako au Ofisi ya Mufti. Sisi tunaweza kukusaidia hesabu. Wanaoihesabu kuwa mali huitolea kama fedha: asilimia 2.5, ikifika nisabu na kupitiwa na mwaka wa Hijria. Nisabu ya dhahabu ni gramu 85, kwa bei ya siku unayotoa. Chagua tarehe moja usiihamehame, mfano 1 Ramadhani. Siku hiyo andika thamani ya bitcoin kwa shilingi, ya pochini na ya sokoni pia, ujumlishe na fedha zako nyingine. Bei uliyonunulia haihusiki. Jumla ikiwa 40,000,000 na imefikia nisabu, zaka ni 1,000,000. Huna haja ya kuuza bitcoin ili utoe. Toa kutoka kwenye shilingi ulizonazo.

Maneno 24 ya siri ya kufungulia pochi yangu niliyaandika kwenye karatasi. Mwaka haujapita, wino umeshaanza kufifia. Niyapige picha? (Msomaji wa Chake Chake)

Usipige picha. Simu nyingi hupandisha picha mtandaoni zenyewe, na anayeingia kwenye barua pepe yako ameingia kwenye akiba yako. Hewa yetu ya chumvi na unyevu ndiyo inayokula karatasi. Ukiitia kwenye plastiki iliyo na unyevu ndani, huoza humohumo.

Tafuta kipande cha chuma kisichoshika kutu, cha daraja la 316 ukikipata, ambacho huistahimili chumvi zaidi kuliko 304, na seti ya herufi za kugonga kwa nyundo. Fundi akukatie kipande tu. Kugonga ugonge mwenyewe, mlango umefungwa. Maneno hutoka kwenye orodha ya maneno 2,048, na herufi nne za mwanzo zinatosha kulitambua kila moja. Weka namba 1 hadi 24, kwa sababu mpangilio ukivurugika pochi haifunguki. Gonga pia jina la programu ya pochi unayotumia. Tengeneza vipande viwili kamili, kimoja kikae mbali, tuseme kwa ndugu wa kuaminika Mkoani. Usigawe 12 huku na 12 kule: nusu moja ikipotea, zote zimepotea. Mtu mmoja katika warithi wako ajue kwamba chuma hicho kipo na kilipo.

Kabla ya kukiamini, kijaribu. Hamishia salio lako mahali salama kwa muda, ubakize kiasi kidogo tu. Futa programu ya pochi, iweke upya, kisha andika maneno kwa kusoma kwenye chuma, si kwenye karatasi. Kile kiasi kidogo kikionekana tena, choma karatasi na urudishe salio lako lote.