Mume kasafiri, vidonge vinaendelea

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mlandizi. Mume wangu ni dereva wa lori, anapeleka mizigo Lubumbashi, na akiondoka anaweza kukaa njiani wiki tatu hata tano. Mtoto wetu mdogo katimiza miaka miwili, na tumekubaliana tupumzike miaka mitatu kabla ya kuongeza mwingine. Nilinunua vidonge vya majira duka la dawa, pakiti yenye vidonge vyeupe na vya kahawia. Mume akinipigia simu kwamba kavuka Tunduma, naanza kumeza. Akiondoka naacha, maana sioni sababu ya kujaza dawa mwilini na mwenyewe hayupo. Vile vya kahawia huwa natupa, niliambiwa ni vya kuongeza damu tu. Tangu nianze, damu inanitoka hovyo, mara matone, mara katikati ya mwezi. Safari moja nilimeza na P2, ile dawa ya dharura ya kuzuia mimba, kwa wasiwasi. Sasa siku zangu zimechelewa wiki mbili. Wifi yangu anasema vidonge vimejikusanya tumboni na sitazaa tena. Je, nimeuziwa vidonge feki, au mwili wangu unavikataa?

Mama Wawili, Mlandizi

Marahaba, mwanangu. Nianze na lililo la haraka: kapime mimba. Fanya kesho asubuhi, kwa mkojo wa kwanza unapoamka. Kipimo kinauzwa maduka ya dawa, na zahanati wanacho. Siku zikishachelewa wiki mbili, kipimo kilichofanywa kwa kufuata maelekezo yake hutoa jibu la kuaminika. Mpaka ulipate jibu hilo, usimeze kidonge kingine cha majira, usimeze P2, na zaidi ya yote usikubali dawa ya mitishamba ya "kuteremsha siku" kutoka kwa mtu yeyote, hata akiwa wifi.

Ukikuta umeshika mimba, usikeshe ukilia kwa ajili ya vidonge ulivyomeza. Havijulikani kumdhuru mtoto aliye tumboni. Anza kliniki mapema. Ila ukipata maumivu makali upande mmoja wa tumbo, pamoja na damu au kizunguzungu cha kutaka kuanguka, nenda hospitali saa hiyo hiyo, maana mimba inaweza kuwa imetunga nje ya kizazi.

Sasa nijibu ulichouliza. Sina sababu ya kuvishuku vidonge wala mwili wako. Kwa namna ulivyovimeza, hata vingekuwa bora kuliko vyote visingekukinga.

Wanawake wengi wanaoniandikia wanavichukulia vidonge vya majira kama Panadol: kichwa kikiuma unameza, kikipoa unaacha. Kidonge cha majira hakifanyi kazi siku ya tendo. Homoni iliyomo, ikiingia mwilini kila siku bila kukatika, inazuia yai lisipevuke na kutoka, tena inaufanya ute wa shingo ya kizazi uwe mzito ili mbegu zisipite. Ukianza ndani ya siku tano za kwanza za hedhi, unalindwa tangu siku hiyo. Ukianza siku nyingine yoyote, inabidi umeze siku saba mfululizo ndipo ukitegemee, na katika siku hizo saba mnatumia kondomu au mnasubiri.

Piga hesabu, mwanangu. Mumeo akikupigia simu yuko Tunduma, siku mbili tatu baadaye lori liko Mlandizi. Unampokea ukiwa umemeza vidonge viwili au vitatu. Kama yai lilishaanza kupevuka, hivyo vitatu havilirudishi nyuma. Na siku anayoondoka unaacha, wakati mbegu za mwanaume zinaweza kukaa hai ndani ya mwanamke hadi siku tano. Yeye yuko Mbeya anapumzika, mbegu zake bado zipo, na homoni umeshaikata mwenyewe.

Hata hiyo damu ya hovyo unayoilalamikia, kwa sehemu kubwa umeiita wewe kwa kuanza na kuacha. Kila unapoikata homoni katikati ya pakiti, ukuta wa kizazi unabomoka na damu inatoka, ukianza tena mwili unajaribu kujipanga upya, ukiacha unatoa tena. Matone kidogo katika miezi mitatu ya kwanza ni kawaida hata kwa anayemeza vizuri, na huwa yanaisha yenyewe. Kwako hayajapata nafasi ya kuisha.

Ichukue hiyo pakiti uiangalie. Ina vidonge 28. Vyeupe 21 ndivyo vyenye homoni. Vya kahawia 7 havina homoni, vina madini ya chuma, na aliyekwambia ni vya damu hakukudanganya. Kazi yake nyingine ni kukushikisha zamu. Unameza kidonge kila siku siku zote 28, hedhi inakuja ukiwa kwenye vya kahawia, na siku inayofuata kile cha mwisho unafungua pakiti mpya, hata kama damu haijakata. Anayevitupa hadhuriki, ila huwa anapoteza hesabu na kuchelewa kuanza pakiti mpya. Kuchelewa huko ndiko ninakokuogopa kuliko kusahau kwingine kote, kwa sababu mwili umeshakaa wiki nzima bila homoni, na ukiongeza siku mbili tatu yai linaamka.

Kusahau kupo, sote ni binadamu. Katika wanawake 100 wanaotumia vidonge kwa mwaka, kama 7 hivi hupata mimba, na sehemu kubwa ya hao ni kwa kusahau, kwani wanaomeza bila kukosea hawafiki hata 1. Ukisahau kidonge cheupe kimoja, kimeze mara unapokumbuka, hata ikibidi umeze viwili kwa siku moja, kisha endelea kama kawaida. Vikipita viwili au zaidi mfululizo, meza kimoja mara moja, endelea na pakiti, na mtumie kondomu mpaka utimize siku saba za kumeza bila kuruka. Ikitokea hivyo kwenye safu ya mwisho ya vyeupe, vimalize vyeupe, acha vya kahawia, fungua pakiti mpya kesho yake. Ukisahau cha kahawia, kitupe tu uendelee. Ukitapika ndani ya saa mbili baada ya kumeza, meza kingine. Na ukiharisha au kutapika sana kwa zaidi ya siku mbili, jihesabu kama mtu aliyeruka vidonge kadhaa.

Chagua saa moja isiyobadilika. Mimi napenda usiku baada ya chakula, kwa sababu kichefuchefu, kama kipo, kinakukuta usingizini. Taarifa ya habari ya saa mbili ikianza, kidonge kinywani. Mwezi wa Ramadhani unameza baada ya futari, hakuna kinachoharibika. Pakiti iwekwe mahali unapoiona lakini watoto hawafiki. Wanaonyonyesha watoto wachanga hupewa vidonge vya aina nyingine, vya homoni moja, na kwa baadhi ya hivyo, mama akishaacha kunyonyesha, kuchelewa saa tatu tu tayari ni kuruka. Kwa hiyo msiazimane pakiti na jirani.

Wifi yako mwambie kwa upole kwamba kidonge kinayeyuka tumboni kama chakula na kutoka mwilini, hakijikusanyi popote. Na hakiui uzazi. Anayeacha vidonge anaweza kushika mimba mapema sana, wengine mwezi huo huo, na bila shaka sasa unaelewa kwa nini ninasema hivyo kwa uhakika. P2 nayo haiharibu kizazi, ila ni ya dharura: inachelewesha yai, inaweza kuzisogeza siku zako, na haikulindi kwa tendo la kesho. Haifai kuwa mpango wa kila mume anaporudi.

Kuna jambo moja linanisumbua kwenye barua yako kuliko wifi. Umenunua vidonge dukani bila kupimwa presha. Vidonge hivi vya homoni mbili haviwafai wote: mwenye presha ya juu, aliyewahi kuganda damu mguuni, mwenye saratani ya matiti, mvutaji sigara aliyefika miaka 35, na mwenye kipandauso kinachoanza kwa kuona vimulimuli machoni. Anayetumia dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, au baadhi ya dawa za kifafa, aseme mapema, maana zinapunguza nguvu ya vidonge. (Amoksilini haina tatizo, naulizwa sana.) Na yeyote anayemeza akipata maumivu makali ya kifua, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kichwa kuuma ghafla kuliko alivyowahi, au macho kuwa ya manjano, asisubiri asubuhi.

Nikuambie na ninachofikiri mimi. Mwanamke ambaye mume hayupo wiki nne kati ya tano anaona taabu kumeza kidonge kila siku kwa ajili ya mtu aliye Zambia, na simlaumu. Kama unajijua hutaweza, usijilazimishe. Kipo kijiti kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono: kuna cha miaka mitatu na cha miaka mitano, kinakufaa kwa hesabu mliyopanga, na kikitolewa uzazi unarudi upesi. Kinaweza kubadilisha mpangilio wa hedhi, waulize vizuri. Kipo kitanzi cha shaba kisicho na homoni kabisa, kinachokaa miaka kumi na zaidi au kutolewa siku yoyote unayotaka. Sindano ya miezi mitatu nayo ipo, ila mimba inaweza kuchelewa miezi kadhaa baada ya kuiacha. Vituo vya serikali hutoa huduma hizi bila malipo, na presha utapimiwa hapo hapo.

Kwa njia zote hizo, hakuna inayozuia Ukimwi wala kaswende isipokuwa kondomu. Simsemi mumeo vibaya, simjui. Nasema kwa sababu safari ni ndefu na wewe ni mwanangu. Kapimeni wote wawili, na hilo mliongee akiwa ametulia nyumbani, si kwenye simu akiwa kwenye foleni ya mpakani. Yale makubaliano ya miaka mitatu ni yenu wawili, basi na kumbukumbu iwe ya wawili: kila usiku mnapoongea, naye akuulize kama umeshameza.

Kipimo cha kesho kikionyesha huna mimba na siku bado hazijaja, rudia baada ya wiki moja, na kama mumeo yupo mtumie kondomu mpaka wakati huo. Kisha nenda kliniki ya uzazi wa mpango na pakiti yako mkononi, mwambie muuguzi ulivyokuwa unameza, neno kwa neno kama ulivyoniandikia mimi, usifiche kwa aibu. Akithibitisha huna mimba, kidonge cha kwanza cha pakiti mpya anaweza kukuanzishia siku hiyo hiyo, na kondomu kwa siku saba za mwanzo. Ukichagua kijiti, waombe wakuandikie kwenye kadi tarehe ya kukitoa.

Shangazi