Muulize Shangazi: Je, shindano la skripti linamtoa mwandishi mchanga?

Mwezi huu barua za jinsi ya kumaliza hadithi zitasubiri. Zimeingia nyingi zinazouliza jambo moja, mashindano ya kuandika skripti za filamu, na nimechagua tatu. Zile mbili za kuniomba namba za simu za waigizaji sizijibu.

Shikamoo Shangazi. Mimi ni binti wa miaka 27, nauza kwenye duka la dawa hapa Morogoro. Nimeandika skripti ya filamu ndefu, kurasa 104, usiku baada ya kufunga duka. Dar es Salaam simjui prodyuza hata mmoja, na kaka yangu anasema bila kujuana hutoki. Nikiipeleka kwenye mashindano itanisaidia, au ni bahati nasibu tu? – Msomaji, Morogoro

Marahaba mwanangu. Kaka yako hajakosea sana. Filamu ni biashara ya kujuana, kwa sababu mwenye pesa anataka kumkabidhi kazi mtu ambaye wenzake wameshamjaribu. Hapo ndipo shindano linapofaa. Ni moja ya nafasi chache ambapo mtu asiyekujua kabisa analazimika kukusoma. Kurasa zako zinafika mezani kwake bila jina la ukoo wala simu ya mjomba.

Ngoja nikupe mfano wa mtu. Mike Rich alikuwa msoma habari wa redio mjini Portland, jimbo la Oregon huko Marekani, mbali na Hollywood na mambo yake. Mwaka 1998 skripti yake, Finding Forrester, ikashinda ufadhili unaoitwa Nicholl. Mwaka 2000 filamu ilikuwa kwenye majumba ya sinema, Sean Connery ndani yake, na tangu hapo kuandika filamu kukawa ndiyo kazi ya Rich. Nicholl inatolewa na Akademi ileile inayotoa tuzo za Oscar. Ilianza 1986 kwa fedha za mjane, Gee Nicholl, kwa kumkumbuka mumewe Don, aliyekuwa mwandishi na mtayarishaji wa vichekesho vya televisheni. Kuna miaka ziliingia skripti zaidi ya 7,000, na washindi hawazidi watano. Kwa hesabu hiyo, ndiyo, ni bahati nasibu.

Lakini acha hesabu, tazama masharti yake. Mshindi anapewa dola 35,000, tena kwa awamu, na katika mwaka huo anatakiwa aandike skripti nyingine, mpya. Akademi haichukui haki yoyote juu ya ile iliyoshinda, wala haitengenezi filamu yake. Kwa maneno mengine, hawakulipi kwa ulichokwisha kuandika. Wanakununulia muda wa kuandika kinachofuata. Waliotunga utaratibu huo wanaijua kazi hii. Susannah Grant alishinda mwaka 1992 akiwa bado anasoma chuo cha filamu. Miaka mitatu baadaye jina lake lilikuwa kwenye Pocahontas ya Disney akiwa mmoja wa waandishi, na mwaka 2000 ikaja Erin Brockovich, iliyompeleka kwenye orodha ya kuwania Oscar. Si moja wala nyingine iliyokuwa skripti aliyoshinda nayo. Mshindi yeyote, popote, akiitwa ofisini kwa prodyuza, swali la kwanza baada ya pongezi ni: una nini kingine? Kwa hiyo kabla hujaituma hiyo ya kurasa 104, anza ya pili. Nasema kweli. Usiitume kabla hujaanza ya pili.

Ukiona Marekani mbali, tuje kwetu. Oktoba 2021 Netflix na UNESCO walitangaza shindano la ngano za Afrika zilizosimuliwa upya. Mwanzoni hawakutaka skripti nzima. Walitaka muhtasari usiozidi maneno 500, pamoja na kazi ulizokwisha kufanya. Ziliingia hadithi zaidi ya 2,000 kutoka nchi 13, wakabaki watu 21, kisha sita. Kila mmoja wa hao sita alipata dola 25,000 zake mwenyewe, bajeti ya kutengeneza filamu kando, na walezi wa kumwongoza, akiwemo Mkenya Tosh Gitonga. Mtanzania Walt Mzengi Corey alikuja na Katope, hadithi ya mtoto aliyefinyangwa kwa udongo na mwanamke asiyejaliwa kuzaa. Voline Ogutu wa Kenya alimleta Anyango na zimwi. Loukman Ali wa Uganda alikwenda kwenye kisiwa walikokuwa wakitupwa wasichana waliopata mimba kabla ya ndoa. Machi 2023 filamu zote sita zikaingia Netflix. Ila usidanganyike kwamba waliokotwa barabarani: Loukman Ali, kwa mfano, alikuwa na filamu ndefu tayari. Shindano lile lilikuwa la watu waliokwisha kuanza, na kwa maoni yangu ndiyo sababu filamu zilikamilika.

Hayo maneno 500 yajaribu nyumbani hata kama hakuna tangazo. Chukua kurasa zako 104, ziweke kwenye ukurasa mmoja na nusu: nani, anataka nini, nani anamzuia, mwisho wake nini. Nimeona waandishi hodari wa mazungumzo wakitokwa na jasho hapo. Hadithi isiyosimulika kwa maneno 500, mara nyingi kuna mahali haijatulia, na ni afadhali ugundue wewe kabla ya jaji.

Sasa nikusogeze upande wa pili wa meza. Nimewahi kuchuja skripti za shindano moja dogo la hapa nyumbani. Tulikuwa na marundo, chai, na sheria moja: kila skripti inasomwa kurasa kumi za kwanza, ikikushika unaendelea. Huwezi kuamini ni ngapi zilianza na mtu anaamka, anapiga mswaki, simu inaita. Ngapi zilikuwa na dada anamwambia dada yake, "Kama unavyojua, baba yetu alifariki miaka mitatu iliyopita." Anajua! Ndiye aliyebeba mkeka msibani! Halafu ikaja moja iliyoanzia kwenye mashine ya kusaga kijijini, foleni ya wanawake na ndoo zao, umeme umekatika, na mwenye mashine anagoma kurudisha hela za watu. Ndani ya kurasa nne nilikuwa namjua kila mtu pale. Haikushinda. Katikati ilipoteza njia na mwisho ukawa wa kulazimisha, na tuzo akapewa mwingine, kwa haki. Lakini prodyuza aliyekuwa kwenye jopo letu alichukua namba ya yule mwandishi, na haukupita muda mrefu akawa anaandikia tamthilia, sehemu baada ya sehemu, kwa malipo. Mshindi wetu alipata cheti na picha.

Ndiyo maana nakwambia, ukichagua shindano usianze na ukubwa wa zawadi. Tazama nani anasoma. Jopo lenye maprodyuza wanaofanya kazi sasa hivi, wanaotafuta waandishi wa tamthilia za chaneli kama Maisha Magic Bongo au za Azam, lina faida kwako hata ukitoka wa kumi. Jopo la wageni waheshimiwa na msanii maarufu mmoja wa kupiga naye picha litakupa picha.

Hukuniambia skripti yako inahusu nini. Natumaini siyo tajiri wa Masaki na mke wa pili, maana hizo tunazo. Destin Daniel Cretton alifanya kazi kwenye makazi ya vijana waliotolewa kwenye familia zao, akaandika juu ya mahali hapo, akashinda Nicholl mwaka 2010. Filamu yenyewe, Short Term 12, ikatoka 2013. Wewe unasimama dirishani kwenye duka la dawa. Unawaona wanaonunua nusu dozi kwa sababu hela imeishia hapo, mabinti wanaoomba P2, vidonge vya kuzuia mimba, kwa kunong'ona, mzee anayekuja na karatasi iliyofutika maandishi. Majaji wa Dar es Salaam hawayajui hayo kama unavyoyajua wewe. Kama hayamo kwenye ile ya kwanza, unayo ya pili.

Shikamoo Shangazi. Nimeona kwenye simu shindano la ng'ambo, ada ya kuingia dola 65. Kwenye masharti wameandika kwamba kazi zote zinazotumwa zinakuwa mali ya waandaaji. Rafiki yangu anasema ndivyo yalivyo mashindano yote. Nilipe? – Kijana wa Kisauni, Mombasa

Marahaba. Usilipe, na huyo rafiki yako usimpe skripti akusomee masharti.

Siyo yote. Nimeeleza hapo juu kwamba Akademi ya Oscar yenyewe haichukui haki ya mshindi. Huyo wa kwenye simu ni nani hata achukue na ya aliyeshindwa? Kuna mashindano halali yanayoomba haki ya kwanza ya kuzungumza na mshindi juu ya kununua skripti yake, kwa muda fulani. Hilo linavumilika likiandikwa wazi na muda ukatajwa. "Kazi zote zinazotumwa" ni kitu kingine kabisa.

Kisheria hakimiliki ni yako tangu ulipoiandika, Kenya na Tanzania vilevile. Hata hivyo nenda ukaisajili KECOBO, ofisi ya hakimiliki ya Kenya, na wenzako wa Tanzania Bara na wao wana COSOTA, ili siku ya ugomvi uwe na karatasi ya kuonyesha. Elewa pia kwamba kinacholindwa ni ulivyoandika, siyo wazo. "Kijana wa pwani anapenda binti wa bara" haina mwenyewe.

Ada peke yake siyo dalili ya utapeli. Kusoma skripti ni kazi, na wasomaji hulipwa. Ila kabla ya kutoa hata shilingi, tafuta majina ya washindi wa miaka iliyopita uone wako wapi leo. Ukikuta wana filamu, au wanaandikia televisheni, sawa. Ukikuta shindano linatoa tuzo kwa watu arobaini kila mwezi na hakuna hata mmoja anayejulikana popote pengine, wanauza vyeti hao. Siku hizi yamejaa, na bango la filamu lenye mataji kumi ya mashindano ya aina hiyo halimshtui prodyuza yeyote wa Nairobi.

Hizo dola 65 ukibadilisha zinatosha sufuria ya pilau na soda. Waite waigizaji sita wa vikundi vya hapo Mombasa, wagawie nafasi, wakusomee skripti nzima kwa sauti, wewe ukae pembeni na kalamu bila kusema neno. Utasikia mwenyewe mazungumzo gani hayatamkiki mdomoni. Baada ya hapo ndiyo utafute shindano.

Assalaam alaykum Shangazi. Mimi naandika Kiswahili tu, na wahusika wangu wanasema Kipemba. Kila tangazo naona Kiingereza. Tuna nafasi sisi? – Mwalimu, Chake Chake

Waalaykumu salaam Mwalimu. Sitakupaka mafuta: Nicholl kwa miaka yote ilitaka skripti iliyoandikwa kwa Kiingereza tangu mwanzo. Isitoshe mlango wake umebadilika. Tangu 2025 hutumi moja kwa moja kwa Akademi. Unapita kwenye The Black List, tovuti ambako waandishi huweka skripti zao zisomwe, na ambako unalipia, au kwenye vyuo na programu za uandishi walizoingia nazo ubia. Kwa mwandishi wa Pemba huo ni mlima, na sioni sababu ya kuanzia hapo.

Mimi ningekuelekeza kwenye mashindano ya aina nyingine, yale ya kugombea nafasi ya kufundwa. Unatuma kazi, wanachuja kama shindano lolote, ila zawadi yake ni kukaa na walimu na kuiandika upya. Maisha Film Lab ilianzishwa Kampala mwaka 2004 na mwongozaji Mira Nair kwa ajili ya watu wa Afrika Mashariki. Realness ya Afrika Kusini, tangu 2016, huwaweka pamoja waandishi wa Afrika kwa wiki kadhaa na skripti zao. MultiChoice Talent Factory ilifungua chuo chake cha Afrika Mashariki jijini Nairobi mwaka 2018, na Watanzania wamekuwa wakichukuliwa. Muhtasari na barua ya maombi huenda vikatakiwa kwa Kiingereza. Tafuta mwalimu mwenzako wa Kiingereza mfanye pamoja, siyo tafsiri ya mashine. Mashine ikikutana na Kipemba inabuni.

Mazungumzo ya wahusika yaache yalivyo. Weka tafsiri chini ya kila mstari kwa herufi za mlazo, ili msomaji asiyejua lugha aone kwamba watu wako wana namna yao ya kusema. Na tangazo lisipotaja lugha, waandikie uwaulize kabla dirisha la maombi halijafungwa. Waandaaji wa kweli hujibu.