Mdogo Wangu Ana Ufunguo Wake

Wiki iliyopita mama mmoja wa Nzega amenitumia ujumbe saa saba usiku. Kijana wake mwenye usonji ametimiza miaka 22, na swali lake ni lile linalotukosesha usingizi wote: "Nikifumba macho, atabaki na nani?" Nimeanza kumjibu kwa mistari mitatu, nimejikuta na makala. Basi someni wote.

Mdogo wangu naye ana usonji, ana miaka 29. Hasemi sana, hurudia ulichosema. Ukimuuliza "Utakunywa chai?" anajibu "Utakunywa chai," na hiyo ndiyo "ndiyo" yake. Asipotaka, kimya. Mama alipofariki nilimchukua kwangu Ujiji, akalala chumba kimoja na wanangu wawili, nami nikajiona shujaa. Nilimwogesha, nilimpakulia, hata shati nilimchagulia. Mtu mzima na ndevu zake!

Mwaka juzi akaanza kujing'ata mkono na kugonga kichwa ukutani. Ndugu wakaja na majibu yao: jini, kurogwa, husuda za majirani. Akasomewa, akafukizwa. Nilipochoka nikampeleka kwenye nyumba moja ya kulelea, siitaji. Baada ya wiki sita nikaenda bila kuaga, nikamkuta amefungiwa mchana kutwa, kakonda, ananuka. Wakaniambia ni kwa usalama wake. Tulirudi siku ile ile kwa bodaboda, mshikaki, yeye katikati. Mpaka leo nikipita barabara ile tumbo linanisokota.

Na kilichokuwa kinamsumbua? Jino. Gego limeoza hadi mzizini. Likang'olewa, siku ya nne mkono ukapona kung'atwa. Miezi yote ile tunafukiza jino! Asiyeweza kusema "panauma" atasema kwa kichwa na ukuta. Akibadilika ghafla, kagua mwili kwanza: meno, masikio, tumbo, choo. Mengine baadaye.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma. Uingereza kuna utaratibu ambao mtu mwenye usonji au ulemavu wa akili anapanga nyumba kwa jina lake, na wasaidizi wanamfuata humo kwa saa anazohitaji. Mwingine usiku na mchana, mwingine saa chache kwa wiki. Pango ni jambo moja, msaada ni jingine. Msaidizi akiharibu, anaondoka msaidizi, mpangaji habanduki. Wala si mambo ya Wazungu peke yao: Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 19 inampa haki ya kuchagua akae wapi na akae na nani. Tofauti ni kwamba kule fungu la umma linalipa, mimi nalipa kwa dagaa zangu. Msiniambie habari za ile asilimia 2 ya mapato ya halmashauri inayotengwa kwa watu wenye ulemavu. Ule ni mkopo, hauna riba lakini unarudishwa.

Nikampangia chumba nyumba ya tatu kutoka kwangu, elfu thelathini kwa mwezi. Kijana wa mtaani, ambaye mama yake namfahamu, huja asubuhi na jioni. Hamfanyii, anasimama pembeni, anamngoja. Ukutani tumebandika picha: mswaki, ndoo, chai, fagio. Saa ya ukutani haimwambii kitu, ila adhana anaifuata kuliko mimi. Alfajiri anaamka, adhuhuri anakula, magharibi anafunga mlango. Ramadhani ya kwanza ikatuumbua. Adhuhuri imeadhiniwa, picha ya sahani ipo ukutani, chakula hakipo! Alivunja vyombo vyote. Sasa wiki moja kabla ya mwezi kuandama tunabadili picha, moja moja, na chakula chake cha mchana kipo palepale, maana hakulazimika kufunga tangu mwanzo. Ni sisi tulioona aibu.

Shangazi akatangaza ukoo mzima kwamba nimemtupa mtoto wa marehemu. Harusini Kasulu hakunipa hata mkono. Shangazi huyo hajawahi kumfulia hata soksi.

Dada yangu wa Nzega, anza sasa ukiwa hai. Usingoje uugue. Mpe ufunguo, hata wa sanduku, halafu wa chumba cha uani. Tafuta msaidizi unayeweza kumfikia kwa miguu, uingie muda wowote bila kubisha hodi ya kupangwa. Na anza sasa, narudia. Ninyi mnaowaficha vyumba vya nyuma wageni wakija, mnamficha nani? Mungu kaona. Mtaa mzima umeona. Mtoto mwenyewe anajua amefichwa, asiposema msidhani haelewi.

Ijumaa nilimpelekea mihogo na migebuka, moto moto, baada ya magharibi. Nikagonga. Akafungua kidogo, akatazama bakuli, akanitazama mimi.

"Kesho," akasema. Neno lake mwenyewe, hakuna aliyemtangulia kulisema. Akafunga, nikasikia ufunguo ukizunguka mara mbili.

Nilisimama pale kama muuza maandazi. Iliniuma, sitadanganya. Kisha nikarudi na bakuli langu, wanangu wakala.